Chafya ya Kwanza

Nilipokuwa mtoto nilisimuliwa mara nyingi jinsi nilivyopata jina, na kila mara nilidanganywa.

Kwetu, upande wa Sotik, mtoto akizaliwa kina mama humzunguka wakamwitia wafu wa ukoo, mmoja baada ya mwingine. Mtoto akipiga chafya jina linapotajwa, basi huyo ndiye aliyerudi, na mtoto hubeba jina lake kando ya lile la kila siku. Akichelewa, anapakwa tumbaku kidogo puani. Mimi, ambaye kila siku naitwa Chebet, walisema nilipiga chafya kwa Tabarno, nyanya ya baba yangu, mama mpole aliyelea hata watoto wa jirani. Upole gani! Kamuulize baba kuhusu kovu lililo mkononi mwake.

Nilikuwa na miaka kumi na mitano, katikati ya miaka ya tisini, sauti ya mwanamke nisiyemwona iliponiambia kwamba baba ametia sumu kwenye uji. Niliiamini kuliko macho yangu. Nikachukua kisu cha kupogolea chai, nikamkata baba mkono, kisha nikamrukia mama. Majirani watatu walinilalia, wakanifunga kwa kamba ya ng'ombe, nikapelekwa hospitali kwa pikapu katikati ya mikebe ya maziwa, nikitukana njia nzima.

Wodi ya wagonjwa wa akili haikuwa mahali pa kubembelezana. Nilimng'ata nesi, nikafungwa kitandani, nikadungwa sindano. Msichana mmoja alinivunja jino kwa kikombe cha bati, nami nikamng'oa nywele zikabaki mkononi. Haki ya Mungu, sijivunii, lakini ndivyo ilivyokuwa. Yule nesi niliyemng'ata, mama mnene wa Kisii, alinifungua kila asubuhi akisema, "Meza dawa, mtoto wangu. Na leo usiniume."

Wiki ya tatu, sauti ikiwa imeanza kupungua, alikuja gogo, yaani mama ya baba. Hakuketi. Alifungua fundo la leso yake akatoa tumbaku.

"Chebet, nilikudanganya," alisema. "Ulipiga chafya mara mbili. Ya kwanza ilikuwa ya Tapkigen."

"Tapkigen ni nani?"

"Dada ya babu yako. Alishikwa na wazimu, akachoma nyumba ya bwana yake. Wakampiga mawe mpaka akafa. Ulipopiga chafya nikajifanya sijasikia. Nikakupaka tumbaku, nikamwita Tabarno. Sasa Tapkigen amekasirika. Wacha nikuite kwa jina lake, tumpokee, halafu twende nyumbani, uachane na hizi sindano."

"Kumbe ni wewe!"

Nilimkaba koo. Wee, nilimkaba kweli, tumbaku ikamwagika sakafuni, na ilichukua manesi wanne kunibandua. Gogo aliondoka akikohoa na kulia. Nami nilifungwa tena, nikalia mpaka jioni, na si kwa sababu ya kamba. Nilikuwa namlilia Tapkigen. Walimuua kwa mawe, na aliporudi, gogo akamfungia mlango. Mimi nami nikifa, nani atakubali kuniita?

Alhamisi iliyofuata gogo alirudi, alama za kucha zangu zikiwa bado shingoni. Nilidhani hatakuja tena maishani.

"Nimekuja," alisema.

"Niite, basi. Lakini siendi nyumbani mpaka daktari aseme."

Alitaka kubishana, akaniangalia, akaacha. Kisha akaniita Tapkigen, polepole, mara nne, na yule nesi wa Kisii akasimama kando na kikombe cha maji ya dawa. Nikameza. Nilikaa humo mwezi mmoja zaidi.

Mpaka leo nameza dawa, na jina hilo ninaliitikia. Watu wakiniuliza ni nini kilichoniponya, nawaambia ni dawa, kwa sababu nimewahi kuziacha nikaona kilichonipata. Gogo alishakufa. Nilimsamehe, na nadhani naye alinisamehe, ingawa hakuwahi tena kufunga leso shingoni bila kunitazama.

Juzi mke wa ndugu yangu alijifungua. Kina mama wakaanza kuita. Kwetu mfu mmoja anaweza kurudi kwa watoto wengi, kwa hiyo zamu ya Tapkigen ilifika. Wakanitupia jicho, wakanong'onezana, wakaruka kwenda jina lingine.

"Mwiteni," nikasema.

Wakamwita. Mtoto akapiga miayo tu.

"Tena," nikasema. "Na mwiteni kwa sauti."