Swali Alilolikwepa Mama Mkwe

Daktari alitoka chumba cha upasuaji kazi ikiwa katikati, akaja moja kwa moja kwa mume wangu. Hakusalimia. Alimshika kidevu, akamfunua masharubu kwa kidole.

Kisha akamgeukia mama mkwe.

"Mama, huyu alifanyiwa nini utotoni?"

Jamani, niliinuka kwenye benchi.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo.

Binti yetu wa kwanza, tuliyezoea kumwita Bibie, alizaliwa na mdomo sungura. Mdomo wa juu umepasuka mpaka puani. Akinyonya anapaliwa, maziwa yanatokea puani, analia, na mimi nalia naye.

Mume wangu alimpenda vilevile alivyo. Aliyenikosesha raha ni mama yake.

"Kwetu hakuna kitu kama hiki," aliwaambia wageni waliokuja kumwona mtoto. "Damu yetu safi. Waulizwe wa kwao huyu."

Nikaendelea kuwamiminia wageni chai. Hata mimi nilishaanza kuchunguza midomo ya bibi zangu kwenye picha za zamani.

Hospitali tulipangiwa daktari wa upasuaji, mama wa makamo asiye na maneno mengi. Mara ya kwanza alituambia turudi nyumbani. Nilichukia, acha tu.

"Mama Bibie, kushona huu mdomo sio kinachonisumbua," akaniambia. "Kinachonisumbua ni lini. Mtoto mwepesi, damu ndogo, kifua kinakoroma. Nikimlaza leo naweza kukupa mdomo mzuri na mtoto asiyeamka."

Akanionyesha namna ya kumlisha kwa kijiko, nimemkalisha wima, polepole. Nikakomaa nayo. Bibie akanenepa, mashavu yakajaa, akawa mcheshi hadi majirani wanagombea kumbeba.

Tuliporudi, daktari alimpima, akasikiliza kifua, akaangalia majibu ya damu. Akatabasamu kwa mara ya kwanza. Siku hiyo mume wangu alikuwa kazini, nilisindikizwa na mama mkwe.

"La mwisho kabla sijampangia siku," daktari akasema. "Kwenye ukoo, upande wowote, kuna aliyezaliwa hivi? Au aliyewahi kupewa dawa ya usingizi ikamletea shida? Hata kama ni zamani. Nauliza kwa sababu jibu lenu ndilo litaamua tumpe dawa gani, na kama tumfanyie hapa au tumpeleke kwenye hospitali kubwa."

Nikasema kwetu sijawahi kusikia.

Mama mkwe alikuwa anakunja leso yake, anaikunjua, anaikunja tena.

"Kwetu hakuna," akasema. "Si hili, si lile."

Basi, tukapewa siku.

Asubuhi ile nilimkabidhi Bibie kwa nesi. Alikuwa anacheka, anavuta kofia ya nesi. Mlango ukafungwa. Tukakaa kwenye korido: mimi, mume wangu na mama yake.

Mara nesi mmoja akatoka mbio. Akarudi na ndoo ya barafu.

"Barafu ya nini?" mume wangu akauliza.

Nesi akapitiliza ndani. Ndipo daktari akatoka na kumfunua masharubu.

Chini yake kulikuwa na kovu jembamba, limenyooka toka mdomoni hadi puani. Tangu tuoane nimeambiwa alianguka kwenye ngazi akiwa mdogo. Na yeye ndivyo alivyoambiwa na mama yake.

"Mama, sina muda," daktari akasema. "Dawa ya usingizi imemkataa mtoto, anawaka moto, misuli imekakamaa, na hali hii hurithiwa. Huyu baba yake alipopasuliwa, ilikuwaje?"

Mama mkwe akajibu kidogo kidogo, akiikunja leso yake.

"Hivyo hivyo. Joto. Akakauka kama ubao. Nusura afe. Wakaniambia wa damu yake yeyote asipewe ile dawa."

"Mama!" mume wangu akasema. Neno hilo tu.

Daktari alikuwa ameshakimbilia ndani. Nikamsikia akipaza sauti, dawa ya kuituliza ile hali itafutwe, hospitali kubwa wapigiwe simu. Pale hawakuwa nayo. Ikatafutwa, ikapatikana, ikaletwa.

Ikamkuta Bibie ameshaondoka.

Daktari alikuja kuchuchumaa mbele yangu. "Ningejua, ningebadilisha dawa. Uamuzi wangu ungekuwa mwingine kabisa." Halafu akamwambia mume wangu, "Ndugu zako wote wa damu waambiwe."

Mama mkwe, daktari hakumtazama hata kidogo.

Kisha daktari akaniomba ruhusa amalizie kushona. Nikakubali. Tulimzika Bibie akiwa na mdomo mzima.

Baada ya mazishi, mama mkwe aliniita jikoni. Nikajua anataka kuniomba msamaha. Nilishajiandaa kumsamehe, au angalau kumsikiliza.

Akafunga mlango.

"Mkwe wangu, nakuomba kitu kimoja. Wifi yako asijue. Mumewe akisikia atasema ameoa ugonjwa."

Kwa msiba ule, mume wangu alikuwa bado hajawaambia ndugu zake. Mtoto wa wifi alikuwa amepangiwa kukatwa mafindofindo wiki iliyofuata. Mama mkwe alilijua hilo. Yeye mwenyewe ndiye aliyeahidi kwenda kumshikia mkono mjukuu wake hospitalini.

"Mama, na yule naye tumzike?"

Akalia. Nilipotoa simu, akanishika mkono. Nikauchomoa, nikampigia wifi palepale mbele yake, nikamweleza kila kitu tangu mwanzo.

Yule mtoto alipasuliwa kwa dawa nyingine, yuko mzima. Mume wa wifi hakumwacha mkewe, alichofanya ni kushukuru. Ila wifi hajakanyaga kwa mama yake mpaka leo, na mume wangu akiongea na mama yake ni salamu tu.

Mimi nina picha za Bibie ambazo siwezi kuzifungua.

Wewe unayesoma hii, daktari anaamua kwa anachokiona na kwa unachomwambia. Akiuliza kuhusu ukoo wenu, sema. Sema hata kama mkwe wako amesimama hapo hapo anakusikiliza.