Mabakuli Mawili Mezani pa Mwalimu

Siku ambayo kalenda mbili zilikutana, Bang Deoksun aliamka na moyo wa bi harusi, ingawa alikuwa na miaka sitini na mmoja, magoti yanayolia na mume anayekoroma. Alifagia ua. Akaufagia tena. Mpersimoni ulioinamia ukuta wa mawe ukadondosha majani mengine, naye akayaokota kwa mkono, moja moja, kana kwamba anaokota sindano.

"Mama Yeongbae," mumewe, Pyo Sangmun, alimwita kutoka barazani, "ukizidi kuukwangua huo ua, utatokea kisimani."

"Wewe kaa hapo upigwe na baridi. Leo Deokim anakuja."

"Anakuja kwenye ibada. Sijasikia akisema anakuja kwako."

"Nyumba ya ibada ni ipi?"

"Ni hii."

"Na yangu ni ipi?"

Sangmun akamwomba chai.

Deokim alikuwa mdogo wa kike wa Deoksun, wa damu. Kwa miaka kumi na tisa hakuwa amekula chakula chochote katika nyumba hiyo. Deoksun alikuwa amejiambia jambo moja tangu theluji ya mwaka uliopita: leo atakula. Asipokula leo, siku kama hii itarudi yeye akiwa na miaka themanini, na hapo hata meno ya kutafunia huenda yakawa ya kuazima.

Nyumba yenyewe haikuwa ya kawaida, ingawa aliyeizoea hakuliona hilo. Katika chumba chake cha nyuma, mwaka 1930, Mwalimu Okcheon alikata roho kwa homa juu ya mkeka wa babu yake Sangmun. Mwalimu alifundisha kwamba dunia inaugua kwa sababu ya vinyongo: vya maskini, vya wanawake, vya wafu waliozikwa bila kusikilizwa, na kwamba zama mpya hazitafunguka mpaka vinyongo hivyo vifunguliwe kimoja kimoja, kama mafundo ya uzi. Deoksun aliolewa hapo akiwa na miaka kumi na minane, na tangu hapo alimpikia mtakatifu huyo vyakula vya ibada kwa miaka mingi kuliko alivyowapikia wanawe.

Katika bonde lile, chini ya Mlima Moak, kuwa na mwanzilishi wa dini hakukuwa ajabu kuliko kuwa na kisima. Mtaa wa juu waliishi watu waliosujudia duara lililochorwa ukutani, hawana sanamu wala picha. Ng'ambo ya kijito walikaa wenye nywele ndefu, waliokataa mkasi kwa amri ya mzee wao. Karibu na shule palikuwa na wafuasi wa bibi mmoja aliyeponya kwa bakuli la maji ya alfajiri, na nyuma yao watu waliosoma Biblia na kuamini kwamba Masihi alikwisha kurudi, akaongea kwa lafudhi ya kwao. Watoto walilinganisha waanzilishi kama wenzao kwingineko wanavyolinganisha majogoo. Wote, ukiwachunguza, walipita njia moja: ufukara, ugonjwa, mlima, sauti, wanafunzi, kisha ugomvi wa wanafunzi. Huenda njia hiyo ndiyo iliyowafanya waaminiwe, kwa kuwa kila nyumba bondeni ilikwisha kupita hatua mbili za kwanza.

Utotoni, Deoksun na Deokim walikuwa na mchezo wao wa waanzilishi. Deokim ndiye aliyekuwa Mwalimu daima. Deoksun alikuwa mgonjwa anayeponywa, na akishapona huwa mwanafunzi msaliti. Siku moja Deoksun aliuliza nani atakuwa mke wa Mwalimu. Deokim akafikiri, akajibu kwamba mke hayumo, yuko nyumbani analia. Mama yao alipowasikia aliwachapa wote wawili, kwa kuwa mke wa Mwalimu hakuwa mtu wa kutajwa.

Mfarakano ulikuja kupitia kalenda. Wazee waliihesabu siku ya kifo cha Mwalimu kwa mwezi, kama siku za mababu wote. Vijana walitaka dini inayokwenda na wakati, wakaihesabu kwa jua. Tarehe hizo mbili hufukuzana mwaka hadi mwaka, na kila baada ya miaka kumi na tisa huangukia siku moja. Mara ya mwisho zilipokutana, pande zote zilikuja hapa ili zipatane, zikagombana mpaka kikombe cha pombe kikaruka. Mume wa Deokim, sasa marehemu, alikuwa kiongozi wa vijana. Deokim alikuwa ameshika bakuli la wali aliloandaliwa na dada yake. Akaliweka chini, akaitazama picha ya Mwalimu, akasema: "Nikila tena wali wa nyumba hii, Mwalimu asinitambue." Watu wa Jua, yaani wale vijana, wakahamia mjini Jeonju, wakajenga ukumbi wao.

Kiapo mbele ya picha hakikuwa maneno ya hasira tu. Baba yao alipofariki, na mazishi yakaandaliwa hapa, Deokim alikuja na chakula chake kwenye kitambaa, akakila amesimama nje ya ukuta.

Kufikia saa nne ua ulijaa. Watu wa Mwezi walivaa kanzu nyeupe za kitani. Watu wa Jua walikuja kwa basi la kukodi, wamevaa suti. Deoksun alikuwa jikoni, mikono imejaa unga wa keki za mchele, akichungulia kila kichwa kilichoingia langoni. Mwishowe akaona kichwa chenye mvi kilichonyooka kama kijiti cha ubani, chini yake mikono miwili imeshika bakuli la shaba lenye kifuniko, limefungwa kwa kitambaa chekundu.

"Dada," alisema Deokim mlangoni pa jiko, bila kuvuka kizingiti.

"Umekonda."

"Wewe hukukonda."

"Hicho ni nini?"

"Wali wa Mwalimu. Nimeupika kwangu, ukasafiri mapajani mwangu njia nzima. Katibu amesema upande wetu ulete wetu."

Deoksun akausikia moyo wake ukishuka hatua moja. Ni kweli, wakubwa walikuwa wamekubaliana hivyo. Mzee Maeng, kiongozi wa Watu wa Mwezi, hakutaka Mwalimu ale wali wa Jua. Katibu Tak, kiongozi wa Watu wa Jua, hakutaka ale wa Mwezi. Wakaamua kila upande ulete bakuli lake, na vitoweo vingine vyote vipikwe na mwenye nyumba.

"Mchuzi je?" aliuliza Deoksun.

"Mchuzi ni wako."

"Wa figili na nyama."

"Basi utakuwa na chumvi," alisema Deokim, akaenda zake ukumbini. Deoksun alibaki akitabasamu peke yake kama mwehu. Mtu anayekumbuka chumvi yako hajakusahau.

Meza ilipangwa: samaki mkavu, tofu ya kukaanga, keki za mchele, matunda ya mpersimoni yaliyokatwa vichwa. Katibu Tak akadai upande wa mashariki, upande wa mawio, kwa kuwa ndio upande wa jua. Mzee Maeng, aliyejiandaa kubisha kwa lolote, hakupata cha kubishia. Mwezi mchanga huonekana magharibi, akaridhika na upande huo, wa kushoto. Mabakuli mawili yakawekwa, vifuniko vikafunuliwa, mvuke ukapanda. Kila kiongozi akasimika kijiko cha shaba wima katikati ya wali wake, ishara kwamba roho imekaribishwa na imeanza kula. Watu wote wakaunganisha mikono, tayari kusujudu.

Hapo ndipo Bibi Gobu alipokohoa. Alikuwa kikongwe wa miaka themanini na ushei, na ndiye pekee aliyesalia kati ya waliokuwapo Mwalimu alipokufa. Aliegemea nguzo karibu na mlango.

"Samahani wazee," alisema. "Nani amemwoza Mwalimu?"

Akaionyesha meza kwa kidevu.

"Naona meza moja, picha moja, mabakuli mawili, vijiko viwili. Kwangu meza ya namna hii huandaliwa mume na mkewe waliokufa. Mume magharibi, mke mashariki. Sasa mmeniita kwenye arusi na mimi sikuvaa viatu vizuri."

Sangmun ndiye aliyeanza kucheka, kwa pua, akijaribu kujizuia. Kicheko kikapita kwa wanawake waliosimama uani, kikarudi ukumbini, kikamshika hata kijana mmoja wa suti. Mzee Maeng akawa mwekundu. Kila mtu mle ndani alikuwa amepanga meza kama ile maisha yake yote, kwa ajili ya baba na mama zake, na hakuna aliyeiona.

"Liondolewe moja," alisema Katibu Tak.

"Liondolewe lako," alisema Mzee Maeng.

"Kijiko kimekwisha kusimama. Utamwalika mgeni ale, kisha umnyang'anye bakuli?"

"Mimi nimnyang'anye? Nimekwambia lako."

Hapo kicheko kikakauka. Deoksun alimwona mdogo wake akiinama kuchukua kitambaa chake chekundu, taratibu, kama mtu anayejua safari hii inakoishia. Damu ikamchemka. Miaka kumi na tisa iliyopita alikuwa amesimama papo hapo amekunja mikono, akingoja wanaume wamalize, na walipomaliza hakuwa na mdogo wake tena. Akavuka kutoka jikoni na unga wake mikononi.

"Mwalimu alikuwa na mke," alisema.

"Mama Yeongbae, hayo si ya leo," Mzee Maeng akamkanya.

"Ni ya lini, mzee? Tunahubiri kufungua vinyongo. Vya nani? Kila mwanzilishi wa bonde hili alipanda mlimani, na kila mmoja aliacha mtu chini akitafuta mchele. Nitajie mmoja ambaye hakuacha. Mke wa huyu wa kwetu hajawahi kupewa hata punje. Leo wakubwa wawili wameshindwa kuelewana, bakuli lake likajiweka lenyewe. Na nyinyi mnataka kuliondoa."

Huenda alikuwa amevuka mpaka. Alilifikiria hilo papo hapo, lakini hakurudi jikoni.

"Alikuwa wa ukoo wa Guk, kutoka Damyang," alisema Bibi Gobu, na sasa sauti yake haikuwa na mzaha. "Alisuka vikapu vya mianzi, akavibadilisha kwa mchele, na mchele ndio uliopanda mlimani. Mwalimu alipofariki alikuja hapa na kikapu. Nilimwona mimi. Wanafunzi walimwambia asubiri nje. Alisubiri mpaka jioni, akaacha kikapu langoni."

Mzee Maeng akayatazama mabakuli mawili. "Kama ni mke," alisema, akichagua maneno, "basi bakuli lake ni la mashariki. Hilo ni la Jua."

Katibu Tak akaruka. Wali wa upande wake ushushwe kuwa wa mke, na wa Mwezi ubaki wa Mwalimu? Basi lilikuwa nje. Wangeondoka sasa hivi, wote, na safari hii wasirudi. Akageuka kuwaita watu wake.

"Katibu," alisema Deokim. Hakupandisha sauti. "Mchele umetoka shambani kwangu. Nimeupika mimi. Umesafiri mapajani mwangu, si mwako. Nampa mke wa Mwalimu."

"Mama, fikiri. Marehemu mumeo angesema nini?"

"Marehemu aliongea sana alipokuwa hai. Leo zamu yangu." Akamgeukia dada yake. "Wewe, nawa mikono. Utampaje mtu kikombe na unga huo?"

Deoksun alinawa mikono. Katika ibada zao anayetoa kinywaji hushika kikombe kwa mikono miwili, na mwingine humiminia. Mtu hawezi kufanya peke yake. Deokim alipiga magoti akashika kikombe. Deoksun akainamisha birika la pombe ya mchele, na matone mawili yakamwagikia vidole vya mdogo wake. Wakazungusha kikombe juu ya moshi wa ubani, wakakiweka mashariki. Wanawake wa uani, wa Mwezi na wa Jua, waliingia wenyewe bila kuitwa, wakasujudu. Wanaume walifuata, baadhi yao. Katibu Tak alisimama mlangoni akiitazama saa yake, lakini hakuenda kwenye basi.

Ibada ilipokwisha, chakula kikashushwa kigawanywe, maana kukila alichokula mtakatifu ndiko kupokea baraka yake. Deoksun alileta meza ndogo, akaweka juu yake bakuli la mashariki na bakuli la mchuzi. Akaketi. Deokim alibaki amesimama, kitambaa chekundu mkononi, kama alivyosimama nje ya ukuta siku ya mazishi ya baba yao.

"Niliapa," alisema.

"Najua. Nilikuwapo."

"Niliapa juu ya wali wa nyumba hii." Deokim akatazama bakuli, akatazama picha ya Mwalimu, akatazama tena bakuli. Pembe ya mdomo ikamcheza, ile ile ya msichana aliyetaka kuwa Mwalimu daima. "Huu wa kwangu."

Akaketi. Akaking'oa mle walini kijiko cha mke wa Mwalimu, akachota wali, akala. Deoksun akamsogezea bakuli la pili.

"Na mchuzi?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mchuzi sikuuapia." Deokim akanywa, akafunga macho, akameza. "Chumvi."

"Nilipunguza."

"Hukupunguza. Hujawahi kupunguza." Akamsogezea dada yake bakuli la wali lililobaki nusu. "Kula, upoze ulimi. Bado hawa wana tarehe ya mwaka ujao ya kugombania, na basi letu haliondoki bila Katibu."

Huko barazani Mzee Maeng na Katibu Tak walikwisha kuanza kubishana kuhusu tarehe. Deoksun aliwasikia kama mtu anavyosikia mvua iliyo mtaa wa pili. Alikuwa anakula.