Siku Niliyompa Mwandishi Jina la Nyambura

Nianze na aibu yenyewe, mwanangu, nisije nikajipamba kwanza ukanionea huruma. Siku moja, mwanzoni mwa mwaka 2017, pale uwanja wa ndege wa Dallas–Fort Worth, mwandishi wa gazeti aliniuliza jina langu. Na mimi, Zaituni binti Mashaka, mtu mzima mwenye meno yote, nikamtajia jina la rafiki yangu. Tena nikamtajia na kazi yake. Tena nikamsomea herufi moja moja, asije akakosea.

Usiseme nilikuwa mzee, ningejua. Kwa cheti nilikuwa na arobaini na saba, lakini kwa Marekani nilikuwa na miaka mitatu, na mtoto wa miaka mitatu anakataa hajaiba sukari huku imemjaa mdomoni. Nilikuja kwa bahati nasibu ya grin kadi, ile kadi ya kuishi na kufanya kazi huku. Shule niliiachia kidato cha pili, au yenyewe iliniacha, sijui. Kazi yangu ilikuwa kufua mashuka kwenye nyumba moja ya kutunzia wazee, kule Carrollton. Nyambura, Mkenya wa Nyeri, alifanya kazi hapohapo, ila yeye alikuwa juu, vyumbani, anawaogesha wazee na kuwalisha. Tulikaa apatimenti zinazotazamana kule Lewisville. Fomu zangu zote za nchi hii kanijazia yeye.

Sasa siku ile mimi sikwenda uwanjani kuandamana. Nilikwenda kupokea dagaa. Kuna mtu alikuwa anatoka Dar na kifurushi changu. Nafika, ukumbi umejaa watu, wanapiga kelele, wameshika mabango, kwa sababu ya ile amri ya rais mpya ya kuzuia wasafiri wa nchi fulani fulani wasiingie. Polisi wamejipanga. Mimi nikajibana ukutani. Mara kijana mmoja akanipa kipande cha pizza. Nikala. Mwingine akanipa bango. Ningekataaje, pizza yao nimeshakula?

Ndipo akaja binti wa gazeti, miwani, daftari mkononi. Akaniuliza, mama, wewe unaonaje? Na mdomo wangu unaujua. Kwa Kiingereza changu cha chumba cha kufulia nikamwambia, "Wakubwa wa nchi hii wanatuogopa sisi wageni. Lakini wakizeeka, ni sisi tunaowaogesha."

Watu waliokuwa karibu wakacheka, wakapiga makofi. Nikavimba. Binti akaandika haraka haraka, halafu akasema, "Unaitwa nani?"

Mwanangu, nikatazama kalamu yake, nikatazama polisi. Kwetu Tanga, nilikokulia, mtu mwenye karatasi na kalamu akigonga mlango, mama alikuwa anataja jina la jirani. Na jirani naye alikuwa anataja la mama. Walikuwa wameelewana wenyewe, na sikumbuki kama kuna aliyeumia. Mimi na Nyambura hatukuelewana chochote. Jina lake lilikuwa la kwanza kufika mdomoni, likatoka. Halafu binti akauliza kazi, na mimi nimeshasema "tunaowaogesha". Niseme nafua mashuka? Gazetini? Hapo si woga tena, hapo ni majivuno. Nikachukua na kazi ya Nyambura.

Dagaa nilipata. Nikarudi nyumbani nikakaanga, nikasahau.

Keshokutwa yake nikamkuta Nyambura kwenye chumba cha mapumziko cha kazini, amesimama mbele ya ubao wa matangazo. Kuna mtu alikuwa amekata kipande cha gazeti akakibandika, na jina lake limepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu. Chai yake inamwagika sakafuni, haoni.

"Zai," akaniambia kwa sauti ya chini, "si mimi. Mimi hiyo siku nilikuwa off, nililala tu kwa nyumba. Nani ananichukia hivi?"

Nikamwambia, "Sijui, dada." Huo ulikuwa uongo wa pili, tena huu niliusema kwa macho makavu.

Huko juu alikuwako mzee mmoja, Mista Walt, anayesoma gazeti kila asubuhi kwa kioo cha kukuzia. Yeye kura yake alikuwa amempa rais wa amri ile na hakuficha. Siku hiyo akakataa kuogeshwa na Nyambura. Akasema, kumbe unaponiogesha unanicheka. Binti yake akaandika malalamiko ofisini. Lakini hata hayo siyo yaliyomtia Nyambura hofu kubwa. Alikuwa amebakiza wiki sita aende kwenye usaili wa uraia. Miaka yote hiyo ameingoja ile barua ya kuitwa, na sasa akawa anaona afisa amekaa mezani anaandika jina lake kwenye kompyuta, na kinachotokea ni maneno yangu.

Akafunga Facebook. Akaacha kwenda dukani. Gari jeusi likipaki chini, anazima taa. Nikamwambia, piga simu gazetini waulize. Akanitolea macho. "Kwani nipige niwaambie naitwa nani? Tena?"

Jioni anakuja kwangu, tunakaa na chai, tunatafuta adui. Tukapita jina la huyu na yule, mwisho akafika kwa Mama Kevin wa kwaya ya kanisani kwao, waligombana siku moja juu ya sufuria. "Ni yeye," Nyambura akasema. Na mimi nikasema, "Kwa kweli, yule mama ana macho ya hila." Nilisema hivyo, mwanangu, nakuambia bila kupunguza. Nyambura akaacha kumsalimia mwanamke wa watu. Mimi nikawa namimina chai.

Siku moja akanionyesha bahasha. Alikuwa ameandika barua ya kufuta usaili. "Wakinikataa, wanaweza kuninyang'anya hata hii kadi niko nayo," akasema. "Afadhali ninyamaze tu, nikae hivi. Jumatatu naituma."

Mimi nilifanya nini? Nilikimbia. Ijumaa ile nikapanda basi kwenda Houston, kwa binamu yangu Sauda, anakaa Sharpstown. Nikasema nimechoka na kazi. Lakini chakula hakipiti, na Sauda anajua mimi sikosi chakula hata nikiwa na homa. Akanibana mpaka nikasema, na nilisema mbele ya jirani yake aliyekuja kuazima pasi, mzee wa Kikongo, Papa Désiré. Sasa hivi analinda maegesho ya magari, lakini kwao Bukavu alikuwa anapanga herufi kwenye kiwanda cha gazeti.

Nilikuwa nasimulia kwa mizaha, na dagaa na pizza, Sauda anacheka huku ameshika kichwa. Papa Désiré hakucheka. Akaweka pasi chini.

"Mama Zaituni, sikiya. Kwetu, bakubwa habakutuchomeaka nyumba ya gazeti, hapana. Balingojeaka tu tuandike uongo mumoja. Mumoja tu, voilà. Siku ile bakasema, munaona? Yote yao ni uongo. Na batu bakaitika. Bakafunga gazeti, na hakuna mutu alilia." Akanitazama. "Ule binti wa miwani, kila siku banamuita muongo bure. Leo weye umemupa uongo wa kweli. Na rafiki yako umemupa woga yako akubebee."

Nikamuuliza, sasa nifanye nini, Papa.

"Anza na mwenye jina," akasema, akachukua pasi yake, akaenda.

Nikarudi Jumapili. Saa nzima nilikaa ngazini nikiutazama mlango wa Nyambura kama mtu anayedaiwa. Ulipofunguliwa, bahasha ilikuwa mezani, imeshabandikwa stempu. Nikaingia bila kukaribishwa. Basi nikaichukua ile bahasha, nikaiweka kwenye kiti, nikaikalia.

"Zai, we ni mgonjwa? Toka hapo, ni barua hiyo."

"Ni mimi," nikasema.

"Ni wewe nini?"

"Uwanja wa ndege. Ni mimi niliyesema. Waliponiuliza jina, nikaogopa, nikatoa lako."

Akafunga mlango, akanigeukia. Nilitegemea anipige, na ningeshukuru. Akasema tu, "Na Mama Kevin nimemfanyia nini." Halafu akasema, "Toka." Nikatoka, na bahasha imenata matakoni. Hakuiomba.

Siku iliyofuata nikapiga simu gazetini, nikamwomba yule binti wa miwani. Nikamweleza yote, jina na kazi. Akasema lazima waandike masahihisho, na safari hii wataomba kuona kitambulisho changu. Akaniuliza, taratibu, kama naelewa kwamba jina langu litatoka. Nilikuwa nimejifungia kwenye chumba cha kukaushia mashuka, joto, jasho linatiririka. Nikamwambia majina yangu yote matatu. Nikamwambia na kazi. Nafua mashuka.

Yalitoka mistari mitatu, ukurasa wa pili. Wiki ile niliweka mkoba karibu na mlango, ndani kuna khanga mbili, msahafu, dawa zangu za presha na mswaki. Kila nikisikia viatu ngazini najua watu wa uhamiaji wamekuja. Hawakuja. Lakini nisikudanganye kwamba hofu ilikuwa ya bure. Kabati langu la kazini lilibandikwa karatasi inayoniambia nirudi nilikotoka, na mpaka leo sijui ni nani tunayesalimiana naye kila asubuhi aliyeiandika. Nilikuwa naingia kazini nikitazama mikono ya watu.

Mista Walt yeye alikuja mwenyewe. Kiti chake cha magurudumu kikasimama mlangoni pa chumba cha kufulia. "Kwa hiyo ni wewe," akasema.

"Ni mimi."

"Sikubaliani na hata neno moja."

"Sawa, mzee."

"Na mashuka yanawasha." Akageuza kiti. Kesho yake akakubali Nyambura amwogeshe. Mimi nikabadilisha sabuni.

Nyambura alikwenda kwenye usaili, akapita. Nilisikia kwa watu, kwa sababu mimi hakunisemesha. Alikwenda akampigia magoti Mama Kevin, hilo pia nilisikia kwa watu. Ngazini alikuwa ananipita kama anapita moshi. Mwaka ukaisha, ukaanza mwingine.

Sasa sikiliza, mwanangu, wewe unayekaa na simu hiyo unaandika usiku kucha kwa jina la bandia na picha ya mtu mwingine. Sikwambii usiogope. Mimi niliogopa, naogopa mpaka sasa, na nchi iliyogawanyika hivi, asiyeogopa labda hajui Kiingereza. Ukiogopa, nyamaza. Kunyamaza si dhambi. Au mwambie mwandishi, tafadhali usiandike jina langu, naye akikubali atakuelewa. Lile lilikuwa neno dogo tu na mimi sikulijua. Lakini usichukue woga wako ukamvisha mwenzako wakati amelala. Na usimpe mwandishi uongo, hata ule wa kuchekesha, kwa sababu kuna watu wanaungoja kwa hamu kuliko wewe unavyongoja mshahara. Wanaotaka watu wote waonekane waongo, usiwasaidie kazi. Na ukikosea, nenda kasahihishe ukiwa bado unatetemeka. Ukingoja kutetemeka kuishe, utazikwa na kosa lako.

Mungu akupe neno la kusema na moyo wa kulisema. Akikunyima moyo, akupe adabu ya kukaa kimya. Akulindie jina lako, na majina ya wenzio uyalinde wewe. Amin.

Nyambura alinigongea Novemba ya mwaka 2018. Alikuwa ametoka kupiga kura yake ya kwanza, kile kikaratasi cha kuonyesha umepiga kura amekibandika kwenye koti. Hakuingia, alisimama palepale mlangoni, na mimi nina sabuni mpaka viwikoni. Nikaanza kumwomba msamaha upya, akanyoosha mkono ninyamaze.

"Zai, unajua chenye kiliniuma sana? Si ati ulisema na jina langu. Hayo maneno nilikuwa nimeyafikiria miaka yote nikiwaogesha hao wazee. Nilipoyasoma pale ukutani, kitu ya kwanza nilisikia haikuwa woga. Nilisikia wivu."