Kura ya Dada wa Mheshimiwa

Nilifika Karatu mwaka wa hamsini na tisa nikiwa na cherehani moja na hasira nyingi. Nilitoka Tanga, kwenye joto la heshima, nikapanga chumba cha mbele kwenye duka la Abbasi, na baridi ya huku ikanichukiza hata nikawa nashona mchana kutwa nimejifunga kanga ya mke wangu shingoni. Wateja walinicheka. Aliyekataa kucheka ni mwanamke mmoja wa Kiiraqw aliyekuja na kibuyu cha maziwa. Alinitazama, akaweka kibuyu chini, akasema, "Fundi, nunua blanketi. Hiyo kanga mwenyewe anaihitaji."

Huyo ndiye Lukresia. Alikuwa mjane mwenye watoto wanne, wa kwanza Inosenti, na shamba la maharage na ngano upande wa juu, karibu na msitu. Alisoma kwa masista hadi darasa la nne, kisha akatolewa shule ili mdogo wake wa kiume, Clemensi, apate nafasi. Baba yao alipofariki alikwenda kulima vibarua kwenye mashamba ya walowezi kule Oldeani, miaka sita, mpaka Clemensi akamaliza sekondari. Haya hakunisimulia yeye. Niliyasikia kwa watu, na nilipomuuliza aliniambia nishone nilichopewa.

Mwaka mmoja baada ya Uhuru kiti cha jimbo letu kilibaki wazi. Chama kikamteua Clemensi, aliyekuwa karani wa ushirika, naye akaingia Bungeni bila kupingwa. Koti la kuendea Dar es Salaam nilimshonea mimi, tena bure. Mpaka leo sijui nilipatwa na nini, maana kutoa bure si tabia yangu.

Kila aliporudi likizo alimletea dada yake vitabu vya Bunge, vile vyenye karatasi nyembamba, vilivyopigwa chapa kila neno lililosemwa mle ndani. "Soma, dada," alisema, "uone mdogo wako anakaa na watu gani." Alivileta kwa kujivuna tu. Wengine wangevifungia sukari, lakini Lukresia alivisoma. Siku za mnada, akishamaliza kuuza maziwa, aliketi kwenye benchi la barazani kwangu, akaweka kidole chini ya mstari na kuanza. Yaliyosemwa kwa Kiingereza aliyaruka. Yaliyosemwa kwa Kiswahili aliyasoma kwa sauti, na watu wakazoea kuja kusikiliza, wengine bila kununua hata kifungo.

Kila alipokuta jina la mdogo wake alitia alama ya penseli. Basi Karatu nzima tukawa tunajua kwamba mheshimiwa wetu ameomba josho mara mbili na daraja mara tatu, na kwamba siku ya muswada wa vyama vya ushirika alisema ndiyo, akaeleza na sababu.

"Hilo daraja limejengwa kwa maneno matupu," nilimchokoza siku moja.

"Angalau maneno yapo," alinijibu. "Mbunge wa kwenu Tanga kasema nini?"

Niliendelea kukanyaga cherehani.

Mwanzoni mwa mwaka wa sitini na tano Clemensi alirudi na habari nzito. Aliitisha mkutano akasema umeletwa muswada wa misitu, na ndani yake kuna kifungu cha kufunga njia ya ng'ombe inayokatiza msituni. Njia hiyo ilikuwa uhai wa watu. Wa Karatu waliipanda kupeleka ng'ombe kwenye udongo wa chumvi, na Wamaasai wa Nainokanoka waliishuka kuja mnadani. "Muswada umepita," alisema, "lakini mimi nilikataa." Wazee walimpigia makofi, nami nilipiga. Nilijiona koti langu limefanya kazi.

Miezi minne baadaye alifika barazani kwangu Meitamei, mfugaji wa Nainokanoka, rafiki wa wote pale, maana huyu bwana akiuza ng'ombe lazima anunue chai kwa kila aliyepo. Siku hiyo alikuja mikono mitupu. Askari wa msitu walikuwa wamemrudisha na ng'ombe saba, akaambiwa azunguke kwa barabara ya geti la hifadhi, safari ya siku mbili zaidi.

"Yeyo," alimwambia Lukresia, kwa heshima ya mama kama wasemavyo kwao, "wewe nasoma kitabu. Mheshimiwa alisema yeye nakataa. Sasa nani alikubali? Nataka jina."

Lukresia alikuwa na kitabu chenyewe mapajani. Nilimwona akikifunga. "Nitakusomea siku nyingine," akasema, na Meitamei akaenda zake.

Nilimsogelea. Nikamwambia, Mama Inosenti, wewe huahirishi kusoma, una nini? Akanifungulia ukurasa. Spika alipohoji, waliokataa walisimama wakahesabiwa na kuandikwa majina. Walikuwa wanane. Nilisoma majina yote manane, nikarudia tena kuanzia chini. Clemensi hakuwamo. Kurasa za majadiliano hazikuwa na alama hata moja ya penseli.

"Umelijua hili tangu lini?" nikauliza.

"Tangu kilipofika na vile vingine. Miezi miwili." Macho yalimjaa maji. "Mwanangu angenidanganya nisingeumia hivi. Huyu nilimbeba mgongoni."

Mwaka huo ulikuwa wa uchaguzi, na kwa mara ya kwanza chama kilisimamisha watu wawili kila jimbo. Mmoja alipewa alama ya jembe, mwingine nyumba, na wote walisimama jukwaa moja, mbele ya wasimamizi, kwa Kiswahili tu. Clemensi alipata nyumba. Jembe lilikwenda kwa mwalimu mmoja aitwaye Yohani, mtu mwembamba asiyejua mzaha. Watu walimpa Clemensi ushindi hata kabla ya mkutano wa kwanza, kwa sababu ya ile "nilikataa" yake.

Siku moja kabla ya mkutano wa Karatu nilikwenda kwa Lukresia kumpima Clemensi koti jipya, maana lile la kwanza lilikuwa halifungiki tena. Nilikuwa na pini mdomoni, nambana mabega, dada yake alipoweka kitabu mezani, kimefunguliwa.

"Jina lako liko wapi?"

Clemensi alikisukuma kitabu pembeni. "Halimo, dada. Nilinyamaza."

Hapa lazima nieleze, maana mimi mwenyewe nilikaa miaka kabla ya kulielewa. Huku, wazee wa Kiiraqw wakimaliza shauri, mmoja husimama akaomba dua ndefu waiitayo slufay, na wenzake humwitikia kwa pamoja. Asiyekubali habishani. Hufunga mdomo tu, akatazama chini. Na mwombaji akiona mdomo mmoja umefungwa, shauri halijaisha: watu hukaa tena, wakaanza upya, hata kama ni kesho yake. Kwa hiyo kunyamaza huku ni kukataa, tena kukataa kwa adabu.

"Nilifunga mdomo kabisa," alisema Clemensi. "Wenzangu wote waliokuwa karibu waliitikia ndiyo, mimi sikuitikia. Nilimtazama Spika nikangoja anione."

"Mle ndani mko wangapi?"

"Tunakaribia mia mbili."

"Sasa angekuona vipi?"

"Nilijua hilo baadaye, dada. Waliposimama wale wanane, miguu yangu ilikataa. Mawaziri walikuwa mbele pale wanatutazama." Alikuwa ameshika pindo la koti kama mtoto. "Sikudanganya. Kwa mila yetu nilikataa. Nakuomba kesho usilisemee."

Lukresia hakuahidi. Alimpakulia chakula, Clemensi akala kidogo sana, nami nikatoa pini mdomoni nikaondoka, nikijilaumu kwa nini sikuwa nimeenda jioni nyingine.

Mkutano ulijaa hadi barabarani. Clemensi alisema vizuri, Yohani akasema vibaya, kisha msimamizi akaita maswali. Lukresia alisimama katikati ya wanawake, kitabu mkononi.

"Namuuliza mheshimiwa. Siku ya muswada wa misitu, ulisema nini?"

Uwanja mzima uligeuka. Naapa kwamba Clemensi angeweza kusema uongo pale, na wengi wangemwamini yeye, si mjane mwenye kitabu. Lakini alisimama akasema, "Nilinyamaza. Sikuitikia."

Basi wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Mmoja alisema kwa sauti, "Amekataa kama mtu mzima." Wengine wakacheka kwa furaha, na nikaona mabega ya Clemensi yakishuka. Alikuwa amepona. Nikamwomba Mungu Lukresia akae chini.

Hakukaa. "Wazee wangu," alisema, "hapa kwetu mdomo uliofungwa unaonekana, na shauri linarudi. Kule hauonekani. Nimekipekua kitabu chote. Waliosimama wameandikwa, na mdogo wangu hakusimama. Aliyenyamaza kule amehesabiwa pamoja na walioitikia, na njia imefungwa. Tulimtuma akatusemee. Kunyamaza tungeweza wenyewe, hapa hapa."

Meitamei, aliyekuwa ameegemea fimbo yake pembeni, alisema "Ee" moja tu, ya chini. Hakuna aliyepiga makofi. Msimamizi akafunga mkutano.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya kwa Lukresia. Ndugu zake walimwambia ameua nyumba ya baba yake kwa mikono yake. Kuna waliomwita mchawi. Maziwa yake yakawa hayanunuliwi, nikayanunua mimi yote na kuyanywa kwa hasira ingawa maziwa ya mgando siyapendi. Nilimkasirikia yeye pia. Nilimwambia angeweza kumwachia Meitamei aulize. "Meitamei hajui kusoma," alinijibu. "Aliyesoma ni mimi."

Clemensi alishindwa, si kwa kura nyingi. Mimi nilimpigia, na sioni haya kusema kwamba nilimpigia kwa ajili ya koti. Redio ya Abbasi iliposoma matokeo, Lukresia alikuwa kwenye benchi langu. Alilia kwa sauti, mtandio usoni, mpaka wateja wakaondoka. Watu walisema analia kwa majuto. Nilikaa karibu naye.

Clemensi alirudi ushirika, huko Mbulu, na hakukanyaga kwa dada yake miaka miwili. Wala Lukresia hakumfuata. Lakini kila mtu aliyetoka Mbulu alimuuliza kama mdogo wake anakula vizuri.

Mwaka wa sitini na saba, baada ya mavuno, Clemensi alitokea dukani kwangu na kusimama mlangoni. "Fundi Matano," alisema, "nisindikize kwa dada." Mtu mzima wa miaka arobaini anataka kusindikizwa kwa dada yake! Nilifunga cherehani.

Tulimkuta anapepeta maharage. Alimtazama mdogo wake, akanawa mikono, akaingia jikoni. Tulikula ugali na maziwa, watatu, tukizungumza habari za mvua. Nilifikiri yameisha, na nilishaanza kutafuta kofia yangu.

Kisha Clemensi akasema, macho yakiwa kwenye bakuli, "Wote walinitupa siku ile. Nilijifariji kwa jambo moja tu, dada. Kwamba uliuliza kwa sababu ya haki, lakini ndani ya chumba cha kura hukuniacha. Kura yako ulinipa, sivyo?"

Nilimkanyaga Lukresia mguu chini ya meza. Hakuna duniani ambaye angeweza kumsuta. Kura ni siri. Angesema ndiyo, mtu angelala usingizi.

"Sikukupa," alisema. "Nilikuombea ushinde njia nzima mpaka kituoni, nikafika, nikatia alama kwenye jembe. Nikatoka nikaendelea kukuombea."

Clemensi alilishika bakuli kwa mikono miwili. Kisha machozi yakamtoka, na akacheka ndani ya machozi hayo, kicheko kibaya cha mtu asiyezoea. Akamnyooshea dada yake bakuli, naye akamwongezea maziwa.