Mtambo Uliofunikwa Turubai

Kozi yangu ilikuwa na jina refu: teknolojia ya mifumo ya kihandisi. Baba, ambaye Kiswahili alikikuta shuleni na mpaka leo anakitamka kwa lafudhi ya Kinyiha, lugha yetu ya nyumbani, alilikariri jina hilo kabla mimi sijalielewa. Jumapili moja baada ya ibada, nje ya kanisa letu Iyula, aliwaeleza wenzake kwamba binti yake anakwenda kusomea mitambo inayojiendesha, na kwamba mashine ya kahawa ikiharibika hatutahangaika tena kumsubiri fundi atoke Mbeya. Wazee wakanipa mkono mmoja baada ya mwingine. Nilijiona mtu mzima.

Chuo kilikuwa cha maendeleo ya wananchi, majengo machache yaliyopangwa kando ya barabara kuu. Malori ya kwenda mpakani Tunduma yalipita pale mchana kutwa, na mwalimu wetu alizoea kunyamaza kuyapisha ndipo aendelee kufundisha. Alikuwa mwalimu mpole, mwenye mwandiko mzuri sana. Alichora ubaoni mota, swichi, nyaya na kontakta, ile swichi kubwa inayovutwa na umeme ili kuiwasha mota. Nasi tukachora. Nilichora vizuri kuliko wote darasani, na yeye alikuwa akiliinua daftari langu juu wenzangu walione.

Katika kona ya karakana kulikuwa na mtambo wa mafunzo uliotoka kwa wafadhili wa nje. Ulikuwa umefunikwa turubai la bluu na kufungwa kamba. Tulipouliza tutaanza lini kuutumia, mwalimu alisema tumalize kwanza nadharia. Tulipomaliza nadharia, akasema anasubiri ruhusa ya mkuu wa chuo. Tulipomfuata mkuu wa chuo, alituuliza kama tunajua kifaa kile kimetoka wapi, na kikiharibika mikononi mwetu atawaambia nini waliokitoa. Tukarudi ubaoni.

Niliuona ukiwa wazi mara moja tu, siku wageni walipokuja. Asubuhi hiyo nilipewa ovaroli mpya, nikaambiwa nisimame pembeni ya mtambo na mkuu wa chuo akinikonyeza nibonyeze kitufe cha kijani. Nikabonyeza. Mkanda mdogo ukaanza kwenda, taa zikawaka, wageni wakapiga makofi na kunipiga picha. Mmoja aliniuliza kama nafurahia masomo, nikasema ndiyo. Walipoondoka tu, ovaroli ikachukuliwa na turubai likarudishwa.

Nilifaulu vizuri. Baba alichinja mbuzi.

Msimu uliofuata, kahawa ikiwa imeiva mashamba yote, mashine ya kumenyea kahawa ya kikundi chetu cha wakulima iligoma. Nilikuwa kwa shangazi Vwawa, bado natafuta kazi. Baba alinipigia simu mwenyewe, na sauti yake ilikuwa na furaha, jambo ambalo halikulingana na habari aliyokuwa akinipa. Mwenyekiti wa kikundi alitaka kumwita fundi wa Mbeya, aliniambia, lakini yeye amemkatalia.

Nilipofika niliwakuta wakulima wamejaa pale kwenye mashine, magunia ya kahawa mbivu yamepangwa mpaka nje. Walinipisha njia. Nikabonyeza swichi ya kuwashia. Mota ikanguruma bila kuzunguka, kisha ikakatika. Moyoni nilijua sentensi ya kueleza jambo lile, nilikuwa nimeiandika kwenye mtihani: njia moja ya umeme haifiki. Nikafungua kasha la umeme nikiwa na hakika ya kuikuta michoro yangu mle ndani.

Niliyoyakuta hayakufanana na chochote nilichowahi kuchora. Nyaya zote zilikuwa na rangi moja, zimejaa vumbi na grisi, zimepishana kama mizizi. Sikujua ipi inaingia na ipi inatoka. Mtu mmoja akanipa kipima umeme alichoazima kwa jirani. Kule chuoni tulikuwa nacho kimoja, hakina betri, tulikipitisha mkono kwa mkono ili kila mtu akione. Nilikishika nikaangalia zile nyaya, nikijua zina umeme wa kuniua, na mikono ikakataa kwenda mbele. Nilisimama hivyo muda mrefu.

Mwishowe baba alisogea, akanishika bega, akawageukia.

"Mwanangu amechoka na safari," alisema. "Mwenyekiti, mpigie simu fundi."

Baba yangu ni mzee wa kanisa. Sikuwahi kumsikia akisema uongo, na ule wa kwanza aliusema kwa ajili yangu, mbele ya watu ambao wote waliutambua.

Fundi alikuja kesho yake. Alikuwa kijana wa umri wangu, aliyesoma kama mimi nilivyosoma, ila chuo chake kiliwaachia vifaa mikononi. Alipima hapa na pale, akaifungua kontakta, akanionyesha sehemu iliyoungua. Hakuwa na dharau.

"Chuoni hamkuzishika hizi, dada?"

"Tulizichora," nikamjibu.

Mashine ikawaka. Lakini kahawa ya kwenye magunia ilikuwa imeshaanza kuchacha, ikashushwa daraja. Hakuna aliyenilaumu. Afadhali wangenilaumu.

Wiki ile ile nilikwenda chuoni. Nilimkuta mwalimu peke yake karakanani, akisahihisha madaftari ya wanafunzi wapya. Nilimweleza yaliyonipata kijijini, yote, nikamuuliza kwa nini hakutufungulia ule mtambo hata siku moja. Nilitarajia aniambie habari za mkuu wa chuo. Alifunika kalamu, akaliacha lori lipite.

"Mimi mwenyewe siujui," akasema. "Ulipoletwa, waliopelekwa kwenye mafunzo ni wengine, na wote wamehama. Ningeufungua mbele yenu ningefundisha nini?"

Nilikuwa nimekuja na hasira ya kumtosha mtu mkubwa, nikamkuta mtu aliyeogopa kitu kile kile nilichokiogopa mimi. Hilo halikunipunguzia uchungu. Liliniongezea, maana sasa sikuwa na wa kumchukia vizuri. Nilimwambia angetuambia ukweli tungejua la kufanya, tungetafuta gereji, tungejitolea popote. Alitikisa kichwa kukubali. Nilipotoka, aliendelea kusahihisha.

Sasa niko Tunduma, nauza vifaa vya umeme kwenye duka karibu na mpaka. Wazambia wanakuja kuchukua kontakta, swichi na nyaya, tunaelewana kwa Kiswahili changu, Kibemba chao na Kiingereza kidogo. Mwenye duka aliniruhusu kufungua vifaa vibovu ambavyo wateja wanaviacha. Nikavifungua, nikavifunga, nikaviunguza vingine. Baadaye fundi mmoja wa mashine za kusaga mahindi alianza kunichukua tukienda pamoja kwa wateja wake siku za mapumziko, na mikono yangu ikazoea. Leo lile kasha la Iyula ningelifungua na kulimaliza kabla chai haijapoa.

Msimu uliopita mashine ile iligoma tena. Nilizisikia habari hizo kwa mama, kwenye simu, akinieleza mambo ya nyumbani. Nikamuuliza kwa nini hawakuniita, na huku niko karibu kuliko Mbeya. Mama akasema waliona wasinisumbue. Nikamuuliza baba alisemaje kwenye kikao cha kikundi.

"Baba yako haendi tena vikaoni tangu siku ile," akasema, kisha akaniuliza kama Tunduma kuna baridi.