Mama Zuhura kanikuta nyuma ya kabati

Leo nimejificha nyuma ya kabati kwa mafundi seremala wa Keko, mtu mzima mie na akili zangu.

Nilikwenda kutafuta kitanda. Mara namwona Mama Zuhura, anachagua stuli.

Zuhura tulikaa dawati moja sekondari, kidato cha kwanza mpaka cha nne. Alitutoka mwaka jana. Tangu mazishi sikuwa nimeonana na mama yake, na nilihofia akiniona tu ataanza kulia.

Basi nikajibanza.

"Mwanaidi! Unamkimbia nani?"

Jamani, aibu!

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nyie marafiki zake mkiniona mnapita mbali. Jina la mwanangu silisikii tena kwa mtu. Hebu nihadithie kitu chake cha shule, nisichokijua."

Nikamwambia ile siku Zuhura alisinzia kwenye kipindi cha jiografia. Mwalimu akauliza, "Zuhura, mlima mrefu kuliko yote Afrika?"

Akakurupuka, akasimama wima: "Nipo mwalimu!"

Darasa zima hoi. Mpaka tunamaliza shule tulikuwa tunamwita Kilimanjaro.

Mama alicheka hadi mafundi wakaacha kupiga randa. Machozi yalimtoka, ndiyo, lakini alikuwa anacheka. Akavuta stuli mbili, moja yangu.

"Kaa. Leta stori nyingine."

Kitanda sijanunua.

Jumamosi naenda kwake Tandika. Mliosoma na Zuhura, nani tunaongozana? Usiyeweza kuja, andika hapo chini stori yako ya Zuhura, hata kama ni fupi. Nitamsomea zote.