Jogoo wa Kwanjula na Titi Langu la Kitambaa

Jamani, hili jambo nilikuwa nimeapa kwenda nalo kaburini, lakini kwa kuwa watu karibu mia mbili waliliona kwa macho yao kule Ggaba (na mmoja wao alikuwa ameshika kamera ya video, Mungu amsamehe), nimeona afadhali nilisimulie mwenyewe kabla hamjalipata kwa wengine likiwa limetiwa chumvi. Na kusema kweli halihitaji chumvi.

Mnanijua, mimi Letiru, kwetu Arua, lakini nyumba yangu iko Mbuya, Kampala, tangu kaka yangu, aliyekuwa askari, aliponileta huku baada ya vita. Kaka alifariki akaniachia mtoto wake, Patrick, akiwa na miaka minne. Mimi sikujaliwa kuzaa, basi Patrick ndiye mtoto wangu, nimemlea, nimemsomesha, nimemchapa alipostahili, mpaka akawa fundi umeme mwenye kazi yake. Kwa hiyo aliponiambia amepata msichana, Mganda wa Ggaba anayeitwa Irene, na kwamba wazazi wake wamekubali twende kwa kwanjula, yaani ile siku ya kwenda ukweni kujitambulisha na kupewa mke, nilishangilia mpaka majirani wakadhani nimefiwa. Na kwa kuwa kwa Waganda shangazi ndiye anayeongoza wanawake wa upande wa kijana, kazi hiyo ikawa yangu.

Tatizo ni kwamba mwaka uliotangulia nilikuwa nimekatwa titi la kulia. Saratani. Dripu nilikuwa nimemaliza, kila Alhamisi naenda hospitali kupimwa tu, nywele zilikuwa zimeanza kurudi, kilichobaki ilikuwa ganzi ya vidole tu, lakini moyoni nilikuwa na hofu moja iliyoninyima raha: kwamba wakwe wakijua kwenye ukoo wetu kuna ugonjwa huu, watasema binti yao haolewi kwa watu wa maradhi, na Patrick wangu atarudishwa mlangoni kwa sababu yangu. Basi nikamkalisha chini. "Haya mambo ya titi langu, usiwaambie watu." Akasema, "Sawa, Shangazi."

Sasa lazima niwaambie kuhusu benchi. Pale hospitalini, nje ya chumba cha dripu, kuna benchi refu la mbao, na kila Alhamisi tulikuwa tunakaa hapo watatu, mimi katikati. Kushoto kwangu Mama Furaha, Mkongo aliyekimbilia huku na watoto wake, fundi cherehani Kansanga, mwanamke mpole lakini akisema neno amesema. Kulia kwangu Nalongo, mama wa mapacha, muuza samaki wa Ggaba, ambaye sauti yake imezoea kushindana na injini za boti, kwa hiyo hata akikunong'oneza siri wodi nzima inaipata. Hawa wawili ndio waliniokoa, nasema wazi. Mama Furaha alinishikia beseni nilipotapika, na Nalongo alilala kwangu siku tatu nilipokuwa siwezi kuinuka, akanipikia sangara ambaye sikuweza hata kumnusa, akamla mwenyewe mbele yangu akisema anakula kwa niaba yangu. Mimi mchango wangu ulikuwa uji. Kila Alhamisi Patrick aliomba ruhusa kazini, akanibebea flaski kubwa ya uji wa ulezi, tukanywa benchi zima.

Na titi langu la kitambaa lilitoka hapohapo kwenye benchi. Mama Furaha alitushonea wote, kwa mabaki ya vitenge vyake (langu la njano lenye maua ya bluu, maana alisema kitu kinachokaa ndani rangi haina kazi), ndani pamba, na katikati ya pamba kimfuko cha vijiwe laini ambavyo Nalongo aliviokota ufukweni Ggaba akavichemsha. Vijiwe ni vya uzito. Titi la pamba tupu linapanda juu, unatembea unaona limefika shingoni. Siku aliyonipa Mama Furaha alininyooshea kidole. "Mama, hii kitu nimeipima. Usiifungue, usiongeze, usipunguze. Umesikia?" Nikasema nimesikia.

Nilisikia, ndiyo. Lakini asubuhi ya kwanjula, nimeshavaa gomesi langu jipya la kijani (lile gauni la Kiganda, wengine huliita busuti), mabega yamesimama, mshipi umekaa kiunoni, najitazama kwenye kioo, nikaona titi la kulia liko chini kidogo kuliko la kushoto, halafu nikipiga magoti (na siku hiyo ni siku ya kupiga magoti) vijiwe vinagongana, ka! ka! Nikajiambia, Letiru, wakwe watauliza una nini kifuani. Macho yakaangukia kwenye gunia la ulezi ambao haujasagwa. Laini, mzito, haupigi kelele. Akili yangu ikaniambia wewe ni mwerevu kuliko fundi. Nikafumua, nikatoa vijiwe, nikamimina ulezi, nikashona tena kwa vidole vyangu hivi vya ganzi ambavyo hata kifungo vinakikosa. Basi huo ndio uamuzi wenyewe, viganja viwili vya ulezi, na mengine yote yalitoka humo.

Humo na kwenye uongo wangu mmoja. Benchi sikuwaalika, kwa sababu kumwalika Nalongo ni kuitangazia Kampala yote, kwa hiyo Alhamisi iliyotangulia niliwaambia naenda Arua kuzika. Walinihurumia sana. Mama Furaha alinipa kitenge cheusi.

Tulipofika Ggaba, mahema yamepambwa, watu wamejaa, nikapewa kubeba kitu cha heshima kuliko vyote, yaani jogoo. Wasiojua niwaeleze: kwenye kwanjula unaweza kuleta sukari, mikate, ng'ombe na kila kitu, lakini kuna jogoo mmoja anayekabidhiwa kaka wa bibi arusi, na bila huyo jogoo ni kama hamkuja. Wetu alikuwa mwekundu, mnene, amefungwa utepe, kakaa kwenye kikapu kichwa kikiwa nje, ananitazama vibaya tangu Mbuya.

Tukaingia kwa mstari, mimi mbele, taratibu, natabasamu, na hapo nikainua macho kuelekea hema la upande wa bibi arusi nikamwona nani? Nalongo! Amevaa busuti ya zambarau, anapunga hewa kwa leso. Nilijipiga kofi moyoni. Ggaba ni kwa Nalongo, anauza samaki hapo miaka yote, ni jirani yao, angekosaje kualikwa? Sikuwa nimefikiria hata kidogo. Na mimi nikiwa Arua kwenye mazishi!

Nikafanya nini? Nikainua kikapu kifuani na kujificha uso nyuma ya jogoo.

Kile kikapu kilibana kifua, na ule uzi wangu wa vidole vya ganzi ukasema basi. Nikahisi kitu kinatiririka tumboni, kinapita kiunoni, kinashuka mguuni, kinatokea chini ya gomesi. Nikatazama nyuma: ulezi umenichorea njia kutoka lango mpaka nilipo, na kuku watatu wa nyumba ile wanakuja wakidonoa kwa mpangilio, nao wamo kwenye msafara. Watu wakaanza kucheka kidogokidogo. Nikatikisa mguu kuwafukuza (nikiendelea kutabasamu, nawaambia), na kutikisa kukazidisha ulezi.

Tukafika kwenye mkeka. Nikapiga magoti. Sasa titi limebaki pamba tupu, na mnakumbuka pamba tupu inafanya nini. Likapanda. Likachungulia kwenye shingo ya gomesi, kitenge cha njano, na punje za ulezi zimebaki kwenye mshono. Jogoo alikuwa hajala tangu asubuhi. Akadonoa mara moja nikaruka, mara ya pili akakamata kitambaa, akavuta, na titi langu likatoka lote likaning'inia mdomoni mwake mbele ya baba wa bibi arusi.

Nilipiga ukelele nikaachia kikapu. Jogoo akaruka juu ya meza ya keki, kutoka hapo juu ya hema, utepe unapepea, kaka wa bibi arusi nyuma yake na suti yake nzuri. Na titi likabaki katikati ya mkeka.

Kicheko kikakatika ghafla. Hakuna mtu asiyeelewa alichokiona, kwa sababu gomesi langu upande wa kulia lilikuwa limelala, na mikono yangu yote miwili ilikuwa pale imefunika mahali hapo. Nikamtazama Patrick. Nikamtazama baba mkwe, amekunja uso. Nikafikiri, nimemharibia mtoto wa kaka yangu. Nilimlea miaka yote hiyo ili nije nimharibie kwa viganja viwili vya ulezi. Machozi yakaja nikashindwa hata kuinuka.

Ndipo nikaisikia ile sauti.

"Banange! Letiru! Si wewe ulisema uko Arua unazika?"

Nalongo alikuwa amesimama. Akatoka kwenye hema lake, akaja mpaka kwenye mkeka akapiga magoti kando yangu, mwili wake wote ule, na mbele ya majirani zake, mbele ya wateja wake, mbele ya wanawake ambao nilijua kwamba aliwaficha ugonjwa mwaka mzima kwa sababu aliogopa watasema samaki wake wameshikwa na mkono wa mgonjwa, akaingiza mkono ndani ya busuti yake, akatoa titi lake la kitambaa, akaliweka kwenye mkeka karibu na langu. Vijiwe vikasema ka!

"Bassebo ne bannyabo," akawaita mabwana na mabibi, "hii ni yangu. Imeshonwa na mtu moja na hii ya rafiki yangu. Mimi nilikuwa mgonjwa kama yeye, tukakaa benchi moja, tukakunywa uji yake. Kama kuna mtu anataka kucheka, acheke sisi wawili."

Hakucheka mtu. Nilimshika mkono Nalongo na sikuuachia, na hata leo nikikumbuka mkono ule, nalia.

Mama wa bibi arusi, mwanamke mwembamba, akainuka. Akaja akaokota titi langu, akalipangusa vumbi, akanipa kwa mikono miwili huku amepiga magoti, kama unavyompa mgeni kitu cha heshima.

"Nnyabo," akasema, "sisi tulijua zamani. Irene alituambia, huyu kijana kila Alhamisi anakaa hospitali na shangazi yake, anabeba flaski ya uji. Baba yake Irene aliposikia hiyo akasema, kijana wa kukaa na mgonjwa namna hiyo, mwambieni aje."

Nikamgeukia Patrick. "Nilikukataza!"

"Ulisema nisiwaambie watu, Shangazi," akajibu, ameinamisha kichwa. "Irene si watu."

Na baba mkwe, ambaye nilidhani amekunja uso kwa hasira kumbe alikuwa anazuia kicheko kisitoke mbele ya wageni, akakohoa, akajipangusa macho, akasema kwa sauti ya baraza, "Mambo ya mama tumeelewa. Sasa kuku yetu iko wapi?" Hapo hema zima likalipuka, nami nikacheka na kulia pamoja, kamasi na kila kitu, kwenye gomesi jipya. Jogoo alikamatwa baadaye nyuma ya jiko, na alikabidhiwa kwa heshima zote, akiwa na punje ya ulezi bado mdomoni.

Alhamisi iliyofuata nilienda benchi nimeinama. Mama Furaha alinyoosha mkono, nikampa titi, akaligeuza, akatazama mshono wangu kwa muda mrefu, kama daktari anayetazama picha mbaya.

"Mama," akasema, "chakula ni ya kula."

Akalishona upya palepale, mistari mitatu, vijiwe ndani. Kitenge cheusi nilimrudishia, akakikataa, akasema nikishone begi. Nalongo yeye aliniuliza mazishi yalikuwaje, marehemu alikuwa nani, na alizikwa na kuku wangapi, na ameendelea kuuliza hivyo mpaka leo kila tunapokutana, kwa sauti ileile. Namwacha aulize. Wateja wawili walimhama kwa ajili ya mkeka ule, aliniambia mwenyewe, na nilipoanza kuomba msamaha akanikatiza: kuna wengine walikuja kwenye meza yake ya samaki wakasubiri watu wapungue, wakamwambia, Nalongo, hapa kwangu pia kuna kitu. Alhamisi huwa anawaleta.

Kwa hiyo naapa mbele yenu: titi la Mama Furaha sitalifumua tena hata lipige kelele kama gari bovu, na wale wawili sitawadanganya tena hata kwa harusi ya malaika. Ulezi wangu sasa unaingia kwenye sufuria tu. Napika mwingi kuliko zamani, kwa sababu tumekuwa sita kwenye benchi, na Patrick na Irene wanabeba flaski mbili.